Mzee wa Kofia Nyekundu na Cheti cha Kupiga Mbizi

Mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alipotutaka tuandike juu ya maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kuiaga dunia, wenzangu wengi waliwakimbilia wapigania uhuru, na si vibaya. Mimi nimemchagua Mfaransa mmoja mwembamba, mwenye pua kama ya tai, aliyependa kuvaa kofia nyekundu ya sufu. Jina lake Jacques-Yves Cousteau. Tafadhali usiniulize upesi upesi Mfaransa wa baharini anatuhusu nini sisi wa Thika, ambao bahari wengi wetu tunaiona kwenye ramani tu. Anatuhusu.

Kila aishiye kati ya Ruiru, Juja na Thika anayajua machimbo ya mawe. Mawe ya kujengea yakisha kutolewa, shimo huachwa wazi, mvua ya masika hulijaza, na watoto huenda kuogelea humo. Wengine hawarudi. Likitokea jambo kama hilo, umati husimama ukingoni ukijiuliza swali moja tu: nani ataingia? Hutafutwa kijana anayejulikana kwa maji, akafungwa kamba kiunoni, akavuta pumzi, akazama. Huko Fourteen Falls kwenye mto Athi wapo vijana wanaojirusha majini mbele ya wageni ili wapate chochote, na ujasiri wao haubishaniwi. Lakini ujasiri ni kitu kimoja, na kujua yanayotendeka ndani ya mapafu ukiwa mita 15 chini ya maji ni kitu kingine kabisa. Elimu hiyo ya pili ndiyo inayothibitishwa na cheti cha kupiga mbizi. Na cheti hicho kina historia yake ndefu, ambayo huwezi kuisimulia ukamwacha nje huyu mzee wa kofia nyekundu.

Cousteau alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Utotoni alikuwa mgonjwamgonjwa. Alipokuwa na umri wa miaka kama 10 hivi, familia yake ilihamia Marekani kwa muda, na huko, katika kambi moja ya watoto kando ya ziwa, akapewa kazi ya kuzama na kuondoa matawi yaliyooza chini ya maji. Kazi ya adhabu kwa wengine; yeye akaipenda. Kuhusu masomo, wacha niseme ukweli ingawa walimu wanasoma: hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Alifukuzwa shule moja kwa kuvunja madirisha, akapelekwa shule ya bweni yenye nidhamu kali, na hapo ndipo akili zikamkaa sawa. Mwaka 1930 akajiunga na chuo cha jeshi la maji la Ufaransa.

Ndoto yake ilikuwa kuendesha ndege za kijeshi. Mwaka 1936, akiwa bado mafunzoni, gari alilokuwa akiendesha usiku lilipata ajali mbaya, mikono yake ikavunjika, na urubani ukaishia hapo. Akapelekwa Toulon, kwenye pwani ya Mediterania, akawa anaogelea kila siku ili mikono irudie nguvu. Rafiki yake Philippe Tailliez akampa miwani ya majini. Aliposhusha uso chini ya maji akaona samaki, miamba na majani ya baharini waziwazi, basi, mtu akawa amepatikana. Baadaye akakutana na Frédéric Dumas, kijana aliyekuwa hodari kuwawinda samaki kwa pumzi moja. Watatu hawa wakawa chanda na pete.

Shida yao ilikuwa pumzi. Ukizama kwa pumzi yako mwenyewe unapata dakika moja au mbili, kisha lazima urudi juu. Wapiga mbizi wa zamani walivaa kofia kubwa ya shaba na viatu vizito, wakapelekewa hewa kwa mpira kutoka mashuani, yaani walikuwa kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Cousteau akataka kutembea huru. Akajaribu kwanza kupumua oksijeni tupu kutoka kwenye mtungi, na mara mbili akapatwa na kifafa akiwa chini, akaponea chupuchupu. Oksijeni tupu ikishindiliwa na maji huwa sumu. Leo jambo hilo liko kwenye vitabu vya mafunzo. Yeye alijifunza kwa mwili wake.

Mwezi Desemba 1942, vita vikiwa vimepamba moto na Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, alikutana jijini Paris na mhandisi Émile Gagnan wa kampuni ya Air Liquide. Baba mkwe wa Cousteau alikuwa mkubwa katika kampuni hiyo. Ndiyo, hata Ulaya mtu humjua mtu. Petroli ilikuwa adimu, na Gagnan alikuwa ametengeneza valvu ndogo ya kupitisha gesi kwenye magari yaliyokuwa yakiendeshwa kwa gesi ya kuni na makaa. Cousteau alipoiona akatambua kwamba mapafu ya mtu yanaweza kuwekwa mahali pa injini: mtu akivuta, valvu inafunguka, akiacha, inajifunga. Jaribio la kwanza katika mto Marne halikufaulu vizuri. Alipolala sawa alipata hewa, alipoinua kichwa hewa ilimwagika ovyo, na alipoinamisha kichwa hewa ikakataa kuja. Walipotafakari wakagundua kwamba tundu la kutolea pumzi lilikuwa mbali na valvu, kwa hiyo msukumo wa maji katika sehemu hizo mbili haukuwa sawa. Wakaviweka pamoja, na kazi ikawa imekwisha. Mwezi Juni 1943, huko Bandol, Cousteau akaingia baharini akiwa na mitungi mgongoni, akapindukapinduka, akasimama kwa kichwa, hewa ikaja vilevile. Mkewe Simone alielea juu akimwangalia kupitia miwani, tayari kuita msaada.

Sasa tafakari, msomaji. Siku ile hapakuwa na mtu duniani wa kumtahini Cousteau. Kifaa kilikuwa chake, na somo lilikuwa bado halijaandikwa. Yeye na wenzake ndio walioliandika, na wino wake ulikuwa ghali.

Mwezi Agosti 1946 yeye na Dumas waliingia katika chemchemi ya Vaucluse, pango la maji ambalo kina chake hakikujulikana. Huko chini wote wawili wakaanza kulewa na kupotewa na akili, wakatolewa wakiwa hoi. Baadaye ikabainika kwamba mashine iliyojaza mitungi yao ilikuwa imevuta moshi wake yenyewe, kwa hiyo mitungi ilikuwa na kaboni monoksaidi, ile sumu inayoua watu wanaolala na jiko la makaa ndani. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba, mwenzao Maurice Fargues alishuka kando ya kamba iliyokuwa na vibao vya kuandikia majina kila baada ya kina fulani. Alifika mita 120. Walipomvuta juu hakuwa hai. Jina lake lilikutwa kwenye kibao cha chini kabisa. Naitrojeni, ambayo ni sehemu kubwa ya hewa hii tunayovuta bila kujali, ikishindiliwa hivyo humlevya mtu kama pombe kali, akasahau hata kwamba yuko majini. Tangu kifo hicho Cousteau na kikosi chake walikubaliana kwamba hewa ya kawaida haifai kwa kina cha namna hiyo.

Nimekaa sana kwenye mambo haya kwa sababu watu hudhani masharti ya cheti yalitungwa na makarani ofisini. Sivyo. Kila sharti lina aliyezimia au aliyekufa nyuma yake.

Kuanzia mwaka 1946 kifaa kikaanza kuuzwa madukani. Ukiwa na pesa ulinunua kama unavyonunua baiskeli, ukaenda zako baharini. Mwaka 1953 Cousteau na Dumas wakatoa kitabu chao juu ya ulimwengu wa kimya wa chini ya bahari, kikauzwa kwa mamilioni. Filamu yenye jina hilohilo ikashinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956. Vijana wa Ulaya na Marekani wakapagawa. Kila mtu akataka kuzama, na vifo navyo vikafuata.

Hebu nieleze kwa nini, kwa maana hili ni somo letu la fizikia, sheria ya Boyle, ambayo wengine huikariri tu ili wapite mtihani. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa angahewa yote iliyo juu yetu. Mtu akivuta pumzi kutoka kwenye mtungi akiwa mita 10 chini, mapafu yake yanachukua hewa maradufu ya ile ambayo yangechukua juu. Sasa akiingiwa na hofu, akafunga mdomo na kukimbilia juu, hewa ile inatanuka mara mbili, na mapafu hayana pa kuipeleka. Yanapasuka. Kijana aliyezama kwa pumzi yake mwenyewe, kama wale wa machimboni kwetu, hapatwi na hili, kwa sababu hewa aliyoingia nayo ndiyo anayotoka nayo. Ndiyo maana mwogeleaji hodari sana asiyefunzwa anaweza kuuawa na mtungi wa hewa kwa urahisi. Ile silika inayomwokoa siku zote, ya kuziba pumzi, ndiyo inayommaliza.

Basi vyama vikaanza kuzuka. Waingereza waliunda klabu yao ya kitaifa mwaka 1953. Kule California, mwanasayansi Conrad Limbaugh alikuwa ameanza kuwafunza watafiti wenzake, na mwaka 1954 serikali ya wilaya ya Los Angeles ikachukua mfano huo na kuanzisha mafunzo kwa raia. Huyo Limbaugh mwenyewe alikufa mwaka 1960 baada ya kupotea ndani ya pango la maji kusini mwa Ufaransa, na kama kuna habari inayoonyesha kwamba cheti si hirizi, ni hiyo. Mwaka huohuo wa 1960 kikaanzishwa chama cha walimu kiitwacho NAUI, na mwaka 1966 kikafuata PADI, ambacho baadaye kilikuwa kikubwa kuliko vyote.

Naye Cousteau? Mwezi Januari 1959 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Monaco wakaunda shirikisho la dunia la kupiga mbizi, CMAS, wakamchagua kuwa rais wa kwanza. Alikikalia kiti hicho hadi mwaka 1973. Shirikisho hilo ndilo linalotoa vyeti vya nyota: nyota moja, mbili, tatu. Kwa hiyo mtu aliyejifunza bila mwalimu ndiye aliyeketi kwenye kiti cha juu cha wanaowafunza wengine. Mimi sioni unafiki hapo. Nani angejua kuliko yeye mambo ambayo mwanafunzi hapaswi kujaribu?

Mafunzo ya enzi hizo yalifanana na ya kijeshi. Mwanafunzi aliogelea akiwa amejifunga mshipi wa risasi, akakanyaga maji mikono ikiwa juu ya kichwa, akaokota vitu vilivyotupwa chini ya bwawa. Aliambiwa avue vifaa vyote chini, apande juu, kisha arudi akavivae hukohuko. Wako walimu waliowafungia wanafunzi hewa kwa ghafla, au kuwavua miwani, ili waone nani atababaika. Watu wawili walifundishwa kupumua kwa zamu kutoka mdomo mmoja wa mtungi. Mafunzo yalichukua wiki nyingi, na wengi walishindwa.

Leo mambo yamelegezwa. Kwa cheti cha kwanza cha PADI, mtu huogelea mita 200 bila kuharakishwa, huelea dakika 10, husoma nadharia, hufanya mazoezi bwawani, kisha huzama mara 4 baharini au ziwani. Anaruhusiwa kufika mita 18 akiwa na mwenzake. Anayetaka mita 30 au 40 sharti asome zaidi. Kuanzia miaka 10 mtoto anaweza kupata cheti cha watoto. Nadharia inasomwa kwenye simu, na cheti chenyewe nacho kinaweza kukaa kwenye simu. Tangu mwaka 2007 kipo hata kipimo cha kimataifa cha ISO kinachosema mpiga mbizi wa kila daraja awe anajua nini.

Wazee wa kazi hulalamika kwamba cheti siku hizi kinauzwa kama mandazi. Nimelipima lalamiko hilo, nami nakubaliana nalo nusu. Nusu nyingine nalikataa, kwa sababu vifaa navyo vimebadilika. Zamani hapakuwa na saa ya kuonyesha hewa iliyobaki mtungini, leo ipo. Zamani mtu alijiinua kwa nguvu za miguu. Leo ana koti analolijaza hewa kwa kubonyeza. Kupumua kwa zamu kumeachwa kwa kuwa kila mmoja hubeba mdomo wa pili kwa ajili ya mwenziwe. Ugumu mwingi uliondolewa baada ya chuma na mpira kuchukua mahali pake. Kisichoondolewa popote ni sharti moja: usizuie pumzi, panda polepole.

Nirudi kwa mzee wetu, maana nimemwacha Monaco. Mwaka 1950 tajiri mmoja wa Kiingereza, Loel Guinness, alinunua meli kuukuu ya vita akamkodisha Cousteau kwa faranga moja kwa mwaka. Meli hiyo, Calypso, ilimfikisha hata katika maji yetu ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1954 ilikuwa Abu Dhabi, wapiga mbizi wake wakikusanya mawe ya chini ya bahari kwa ajili ya watafuta mafuta, kazi iliyolipa madeni. Ilifika pia Ushelisheli. Na mwaka 1963, katika mwamba wa Sha'ab Rumi nje ya Port Sudan, alijenga nyumba chini ya bahari, umbo la samaki nyota, wanaume 5 wakaishi humo kwa mwezi mzima kama mita 10 chini, pamoja na kasuku. Wengine wawili walikaa wiki moja kwenye kibanda kilichokuwa chini zaidi. Mabaki yake yangali yanatembelewa na wapiga mbizi. Simone alikuwa huko pia. Mama huyu aliuza vito vyake ili meli isafiri, akaishi ndani ya Calypso kwa muda mrefu kuliko mumewe, na kwenye filamu ni nadra kumwona. Nimeona nimtaje.

Sitamsafisha Cousteau kwa sabuni. Katika filamu ile iliyoshinda Cannes, watu wake walilipua mwamba kwa baruti ili wahesabu samaki waliokufa, wakawaua papa kwa hasira. Miaka ilivyosonga aliona bahari aliyoizoea inachakaa, akageuka, akawa mtetezi wake mkubwa. Alipinga utupaji wa taka za nyuklia baharini, na alikuwa miongoni mwa waliopigania mkataba wa mwaka 1991 uliozuia uchimbaji wa madini Antaktika.

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni likiwa na mama na mwanawe wa kike. Taifa zima lilikesha likiuliza mbona wapiga mbizi wanachelewa. Zilipita siku 13. Watu walitukana sana. Lakini gari lilikuwa kama mita 58 chini, katika mkondo wenye nguvu na giza. Kumbuka hesabu tuliyofanya: cheti cha kwanza mita 18, cha juu cha kujifurahisha mita 40. Kwa kina cha mita 58 hewa humlevya mtu, na akipanda haraka naitrojeni iliyoingia damuni hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa ghafla, ikamlemaza au ikamuua. Hiyo ni kazi ya wanajeshi wa maji na mafundi waliosomea.

Na sisi wa bara tuna sharti letu la ziada ambalo wengi hawalijui. Thika iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 ukilinganisha na Mombasa. Majedwali ya kawaida ya kupandia yalipigiwa hesabu kwenye usawa wa bahari. Mtu aliyepata cheti Diani au Watamu akija kuzama katika chimbo la Ruiru kwa hesabu zilezile anaweza kuugua, na mafunzo ya kuzama kwenye miinuko, kuanzia mita 300, huwa ni somo la pekee. Hata kupanda basi la kurudi Nairobi mara tu baada ya kutoka majini kuna hatari yake, kwani basi nalo linakupandisha. Huyo kijana tunayemfunga kamba kiunoni ukingoni mwa chimbo hajawahi kuambiwa lolote kati ya haya. Siku atakapopewa mtungi wa hewa na mtu mwenye nia njema asiyejua, kamba ile haitamsaidia.

Miaka ya mwisho ya Cousteau haikuwa tulivu. Mwanawe Philippe, ambaye ndiye aliyetarajiwa kumrithi, alikufa mwaka 1979 katika ajali ya ndege ya majini jijini Lisbon. Simone akafariki mwaka 1990. Mzee akaoa tena mwaka uliofuata, kisha akakosana na mwanawe mwingine, Jean-Michel, hadi mahakamani, juu ya matumizi ya jina la ukoo. Mwezi Januari 1996 Calypso iligongwa na jahazi la mizigo bandarini Singapore, ikazama. Waliiinua, lakini haikusafiri tena na mwenyewe. Tarehe 25 Juni 1997, wiki mbili tu baada ya kutimiza miaka 87, Cousteau akafariki jijini Paris. Alizikwa Saint-André-de-Cubzac, mji alikozaliwa, ambao hauko baharini.